Njia ya Mechthild

Leyenbach, Mosel
Jumapili baada ya Sikukuu ya Kupalizwa

Kwa mdogo wangu Mechthild,

Nakusalimu kwanza, ndipo niulize habari za nyonga yako. Shangazi Kreszenz aliniambia kwamba ulipompigia simu siku ya mtakatifu somo wake ulikuwa umelala chali sakafuni huku ukizungumza, kwa kuwa ndivyo daktari alivyokuagiza. Tangu hapo kila nikikukumbuka nakuona umelazwa hivyo huko Hamburg, simu sikioni, unatazama dari. Naomba barua hii ikukute umesimama wima. Sisi huku jua limetuwakia tangu Juni, zabibu zinapata sukari mapema kuliko tulivyozoea, na mawe meusi ya mteremko wetu bado yanachoma hata ukipita jioni. Baba mwili wake haujambo. Anakula, analala mchana, na sauti yake bado inavuka mto na kurudi. Mengine ya Baba nitayafikia huko chini, maana ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani.

Usishangae kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe huwa na haraka, nami huwa nasema huku hatujambo, kisha naiweka chini na kurudi kwenye mizabibu nikiwa na hasira ambayo sijui nimpe nani. Karatasi hainikatizi.

Ottmar amenituma nikwambie kwamba klabu nzima ya wakimbiaji imefurahi uliposema utakuja kuanzisha mbio za mwaka huu. Amekuwa akipita nyumba kwa nyumba akitangaza kana kwamba askofu ndiye anayekuja. Alipofika kwetu nilikuwa ngazini nikifunga matawi ya mzabibu ule wa ukutani, naye akasimama chini yangu akaniuliza, "Walburga, umeshasikia nani anakuja?" Nikamwambia nimesikia, mimi ni ndugu yake. Akasema, "Sasa uoshe madirisha bwana, asije akadhani tumekuwa washenzi." Nimeosha madirisha, Mechthild. Nimeyaosha yote, hata lile la stoo ya mapipa ambalo halifunguki.

Kibao chako bado kipo pale kwenye kona ya kikanisa, penye njia inayoacha shamba la akina Thönnes na kupanda Mgongo wa Punda. Walikipaka rangi upya majira ya kuchipua. Njia ya Mechthild. Watalii wanapigwa picha pale wakiwa wamevaa raba mpya, wanatoka jasho kabla hata hawajaanza. Mara moja mwanamke mmoja wa Cologne aliniuliza kama huyo Mechthild alikuwa mtakatifu. Nikamjibu kwamba kwa watu wa Leyenbach hakuna tofauti kubwa. Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Nakuomba usome yanayofuata polepole, na kama utakasirika, kasirika ukifika mwisho wa barua, usikasirikie katikati.

Unakumbuka kwamba mvua za baridi huwa zinaosha ile mishale ya njano inayowaonyesha wakimbiaji njia. Mwaka huu ziliosha karibu yote. Ottmar alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, na vijana wa klabu hawajui njia ila ile ya kando ya mto, iliyo tambarare kama meza, ambako mtu anakimbizana na matishari ya kokoto. Nikajitolea. Nani anazijua njia hizi kuliko mimi? Nimezipanda na dumu la dawa mgongoni, nimezishuka na kapu la zabibu, nimezipita nikiwa mgonjwa na nikiwa mzima. Ottmar akanipa ndoo ya rangi na kusema, "Mshale uelekee juu, dada, usije ukalegea kama na wenyewe umechoka." Basi nikaanza na njia ya mto, nikaja njia ya kati inayopita chini ya kuta za mawe, na mwisho nikafika kwenye kibao chako.

Nilipaka mshale mmoja pale, nikatazama juu. Ilikuwa asubuhi, ukungu umelala bondeni, hata mto huoni. Nikajiuliza jambo ambalo nimejiuliza tangu nikiwa msichana: wewe ulikuwa unaona nini huko? Mimi nimekwenda huko juu mara zisizo na idadi, lakini nimekwenda kupogoa, kupalilia, kuokota mawe yaliyobomoka ukutani. Sikuwahi kwenda bure. Wewe ulikuwa unakwenda bure, na ukirudi watu wanakupigia makofi. Nikaweka ndoo chini nikakimbia.

Nakuambia ukweli, sikufika mbali. Kwenye ngazi za kwanza za mawe pumzi zilikatika, nikashikilia nguzo ya mzabibu kama mlevi, na buti zangu za shamba zilikuwa nzito kama zimejaa maji. Akina Thönnes walikuwa wanapogoa upande wa pili. Mzee Thönnes akaniita, "Walburga, nani anakufukuza?" Nikamjibu nimesahau kitu juu. Akasema, "Ukikiona kile kiuno changu cha zamani huko juu, niletee." Wote wakacheka. Mimi nikaendelea kupanda, kwa sababu nilikuwa na aibu ya kushuka.

Siku ya pili nikaenda tena. Safari hii nilikuwa nimenunua raba. Na kwa kuwa asubuhi zilikuwa bado na baridi, nilifungua kasha la chumbani kwako nikatoa lile jaketi lako jekundu la klabu, lenye mstari mweupe mgongoni. Sina maelezo mazuri ya kwa nini nilichukua hilo. Majaketi ninayo. Nilijitazama kwenye kioo cha korido nikaona kwamba mabega yetu ni yale yale, ya Mama, na kwamba kwa nyuma mtu angekosea. Nikafurahi, kisha nikaudhika kwamba nimefurahi.

Mwezi wa Mei nikaweza kufika kikanisani bila kusimama. Juni nikapita kikanisa, nikaingia msitu wa mialoni, nikatokea pale kwenye mwamba ambapo mto unajikunja na kuonekana pande zote mbili kama mtu aliyekumbatia mlima. Nilisimama pale nikalia kidogo. Nililia kwa wivu. Niliona kwamba miaka yote ile ulipokuwa unarudi nyumbani na uso ule uliotakata, ambao Mama aliuita uso wa kanisani, ulikuwa umetoka kuona haya kila siku, na hukuwahi kuniambia Walburga, weka mkasi, twende. Labda uliniambia nikakataa. Siku hizi sikumbuki nilichokataa na nilichonyimwa.

Sasa nakuja kwa Baba.

Unajua tangu alipoanza kusahau nimekuwa nikimtoa asubuhi na kumkalisha kwenye benchi la chini, pale njia inapotoka kwenye mizabibu. Anapapenda. Anaona meli za watalii, anawatukana wanaotupa taka mtoni, na Shangazi Kreszenz anamtupia jicho kutoka dirishani kwake. Kusimama mwenyewe alikuwa ameacha kabisa. Ilikuwa lazima nimshike kwapani, na kila nikimshika aliguna kwamba namuumiza.

Asubuhi moja nilishuka Mgongo wa Punda nikiwa na jaketi lako. Jua lilikuwa limetoka nyuma yangu. Nikamsikia kabla sijamwona. Aliita, "Mechthild! Usikanyage kwa kisigino! Fupisha hatua!" Nilipotokea kwenye kona ya ukuta, Baba alikuwa amesimama. Amesimama peke yake, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ameuinua hewani kama zamani alipokuwa anakungoja na chupa ya maji yaliyochanganywa na maji ya zabibu. Macho yake, ambayo siku hizi yana ukungu, yalikuwa yanang'aa. Akasema, "Njoo hapa, paa wangu. Leo umepaa kweli."

Wewe ulikuwa paa wake. Mimi sikupewa mnyama. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Mama mimi ni nani, akafikiri akasema mimi ni Walburga, na nikadhani hiyo ni heshima.

Nilikuwa na nafasi ya kusema, Baba, ni mimi. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alitoa leso yake mfukoni akaanza kunifuta jasho la shingo. Polepole, kama mtu anayefuta glasi. Mechthild, baba yetu hajawahi kunigusa shingo. Nimemwogesha, nimemkata kucha, nimemgeuza kitandani, lakini mkono wake haukuwahi kunijia wenyewe. Akaniuliza, "Umechoka, mwanangu?" Nikasema, "Kidogo tu, Baba." Nikasema kwa sauti yako, ile nyembamba ya puani. Naiweza. Nilikuwa naiiga tukiwa wadogo ili nikukasirishe.

Kisha nikapita nyuma ya nyumba, nikavua jaketi, nikavaa aproni, nikarudi kumchukua. Akanitazama nilivyo akasema, "Umechelewa wewe. Mechthild amepita hapa." Nikamuuliza alikuwa anaendeleaje. Akajibu, "Yule? Anakimbia kuliko zamani. Wewe kaa tu na masufuria yako." Na mchana supu ya dengu ilikuwa na chumvi nyingi, na viazi vilikuwa vimeungua, na mto wake wa kuegemea nilikuwa nimeuweka vibaya.

Ningeacha siku ile ile ungekuwa utani mdogo tu. Sikuacha. Nilikwenda tena keshokutwa yake, na tena baada ya hapo. Nilijifunza kushuka wakati jua likiwa nyuma yangu. Nilijifunza kufupisha hatua, maana alisema kweli, kwa kisigino unateleza kwenye mawe yale ya bapa. Alinielekeza kila siku: mikono chini, macho mbele, pumua tumboni. Alinieleza habari za mashindano ya Trier, jinsi ulivyompita yule msichana wa Koblenz kwenye kona ya mwisho, na aliniuliza kama nakumbuka. Nilimwambia nakumbuka. Na kweli nakumbuka, kwa sababu nilikuwepo, nilikuwa nimeshika begi lako.

Baba akapona, Mechthild. Sisemi amepona kichwa. Lakini alianza kusimama mwenyewe, akaanza kuomba anyolewe asubuhi kabla ya kutoka, akaanza kukataa blanketi magotini kwa kuwa, alisema, Mechthild asije akamwona kama kizee. Daktari alipokuja alifurahi sana akaniuliza nimebadilisha nini kwenye chakula. Nikamwambia nimepunguza chumvi.

Na mimi huku nikaanza kumchukia yule mwanamke mwenye jaketi. Utaniona nimechanganyikiwa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikiwa jikoni namenya viazi, Baba anamsimulia Shangazi Kreszenz habari za Mechthild aliyepita leo, alivyokuwa mwepesi, alivyokuwa mchangamfu, na mimi namenya mpaka nusu ya kiazi inakwenda na ganda, kwa wivu. Nilikuwa namwonea wivu mtu ambaye miguu yake inauma kwenye miguu yangu. Asubuhi nilikuwa napendwa, mchana nilikuwa nasikiliza habari za aliyependwa.

Shangazi Kreszenz si mtu wa kudanganyika. Siku moja alivuka barabara na sahani ya pichi nyekundu, akaziweka mezani, akafunga mlango wa chumba cha Baba. Akasema, "Walburga, mimi mtoto wa jicho alishatolewa. Naona mpaka ng'ambo." Nikachukua pichi moja. Akasema, "Yule anayeshuka na jaketi ana makalio ya mwenye nyumba hii." Nikacheka, maana ningefanya nini. Lakini yeye hakucheka. Aliniuliza kama naona ni sawa kumdanganya mzee asiyejitambua. Nikamwambia simdanganyi, yeye ndiye anayeniita, mimi naitika tu. Akasema, "Basi mwitikie huyo mwenye jina pia. Mwambie. Kabla hajafika hapa akakuta yeye mwenyewe ameshafika." Na akaongeza kwamba nisipokwambia mimi, atakwambia yeye, na wewe unajua Shangazi akisimulia jambo huwa linavaa na kofia.

Hata hivyo si Shangazi aliyenifanya niandike. Ningemwahidi, ningechelewesha, ungekuja tukaona. Kilichonifanya niandike ni jambo la Jumatano iliyopita.

Usiku wake ilikuwa imenyesha mvua fupi, ile inayolowesha mawe bila kuyaosha. Nilipokuwa nashuka sehemu ya ngazi, juu kidogo ya kigari cha reli tunachopandishia makapu, mguu uliteleza. Nikaanguka kwa ubavu, nikagonga ukuta, nikajikata goti. Si vibaya, usiwe na wasiwasi, lakini nilipiga kelele. Nilikaa pale chini nikijikusanya, na nikasikia fimbo ikigonga mawe. Baba alikuwa anapanda. Njia ile ile, Mechthild, yenye utelezi ule ule, mzee ambaye mwezi wa Machi hakuweza kuvuka korido. Nikamwambia abaki pale pale, nakuja. Hakunisikiliza. Alifika amekauka midomo, akakaa kando yangu juu ya ukuta mfupi, akatoa leso akanifunga goti. Aliifunga vizuri, fundo lile la kufungia matawi.

Nikadhani ataniambia habari za visigino. Alitazama mtoni. Chini yetu tishari lilikuwa linangoja lango la maji lifunguliwe. Kisha akasema, "Mechthild, nina jambo, lakini usimwambie Walburga."

Hapo ndipo iliponipasa kusimama niondoke. Mtu mwenye adabu angeondoka. Nilimwambia, "Sema, Baba."

Alisema hivi, na nayaandika maneno yake kama yalivyo, kwa sababu nimeyarudia kila siku nisije nikayasahau au kuyapamba. Alisema, "Mimi nina aibu mbele ya dada yako. Wewe nilikuwa nakutazama sana kwa sababu nilijua utaondoka. Mtu anayeondoka unamtazama. Yule sikuwa na shida naye, nikigeuka yupo. Sasa nikifumba macho uso wake siuoni. Naona mikono tu. Naona mikono yake inafunga mizabibu." Nikadhani amemaliza, na nilitaka sana awe amemaliza. Akaendelea, "Kila siku kuna mwanamke ananilisha. Najua ndiye. Lakini nikimtazama usoni naona mtu nisiyemjua, naingiwa na hofu, namsema vibaya. Mikono naijua. Nikiiona mikono natulia."

Nilikuwa nimeificha mikono yangu ndani ya mikono ya jaketi lako.

Nikamuuliza, kwa ile sauti yako, kwa nini hamwambii mwenyewe. Akasema, "Mimi na yule hatukuzoea kuongea. Tumezoea kufanya kazi. Wewe unajua kusema. Mwambie wewe siku moja, kwa utaratibu. Mwambie nilimwona mikono."

Halafu akainuka, akasema tushuke, kwa sababu Walburga akikuta benchi tupu atapiga mayowe.

Sasa umeelewa. Neno nililolingoja tangu nilipokuwa nabeba begi lako Trier, baba yetu amelisema. Amelisema akiwa na akili yake karibu yote, kwa upole, pale juu kwenye mteremko wetu. Na amelisema kwako. Siwezi kwenda kumwambia Baba nimesikia, kwa maana Walburga hakuwepo. Siwezi kumshukuru. Nilimlisha supu mchana ule ule, nikaiweka mikono yangu mezani karibu na sahani, nikaona kweli anaitazama, na kweli akatulia. Lakini hakusema kitu, nami sikusema kitu, kwa sababu hatujazoea. Nimekuonea wivu kwa mambo mengi maishani: miguu, kibao, sauti, Ottmar aliyekuwa anakungoja mlangoni kwenye mvua na akanipita mimi nikiwa nimeshika mwavuli. Yote hayo naona sasa yalikuwa mazoezi tu ya hili.

Sikuombi msamaha. Nilitaka kuandika kwamba najuta, nikaona si kweli. Zile asubuhi ni zangu, na jasho lilikuwa langu, na kama ungeweza kukimbia leo nisingekuachia. Najua nyonga yako haikuruhusu tena. Ulipoandika kwenye kadi ya Pasaka kwamba huenda hutakimbia tena maisha, sehemu moja ya moyo wangu ilisikitika, na sehemu nyingine, naomba unisamehe hii peke yake, ilikaa vizuri kwenye kiti.

Sasa utakuja. Utashuka kwenye gari ukichechemea, umevaa nguo zako nzuri za Hamburg, na nakuonya mapema ili usiumie: sidhani kama atakujua. Kwake wewe ni yule anayeshuka mlima. Mwanamke asiyekimbia, anayemkaribia na kumshika kwapani, huyo kwake ni mimi. Pengine atakulalamikia kwamba umechelewa. Pengine atakuuliza supu iko wapi.

Basi nakuomba hili, na ndilo ombi langu pekee. Siku ya mbio, ukishamaliza kuwaruhusu wakimbiaji, usiende kukaa na Ottmar na wakubwa wa klabu. Nenda ukae na Baba kwenye benchi. Mimi nimejiandikisha. Nitapita njia ya mto, nitapita ya kati, nitapanda Mgongo wa Punda, na nikishuka nitatokea pale kwenu. Akikuita Walburga, itika. Usimsahihishe. Na atakaponiona kwenye kona ya ukuta, akasimama, akaanza kuita jina lako kwa sauti ile yote, akakusahau wewe uliye kando yake, kaa hivyo hivyo kimya na ushike fimbo yake isianguke. Nataka mtu mmoja duniani ajue benchi lile lilivyo.

Baada ya hapo, jioni, watu wakishaondoka, njoo jikoni uniambie ulichotumwa. Usiniambie kwamba nimeshajua, wala usicheke. Sema kwa utaratibu, kama alivyotaka, wewe unajua kusema. Mimi nitakuwa na kazi mkononi, nitasikiliza kama mtu anayesikia mara ya kwanza.

Kitanda chako nimekitandika. Shangazi Kreszenz anakusalimu, na anasema ukija umletee ile chai nyeusi ya huko, si ya maua. Ottmar anakusalimu zaidi ya inavyofaa. Baba amelala, ningemwamsha angekusalimu, lakini sijui angekusalimu kupitia kwa nani. Uangalie nyonga yako kwenye treni, usikae saa nyingi bila kunyoosha mguu, na ubadilishie Koblenz, siyo Trier, maana huko wanatengeneza reli.

Wako, aliyebaki nyumbani,
dada yako Walburga